Uchambuzi: Kokteli, filamu nyeusi na chupa ya Ntoto, nani analipa bei ya kweli?

Mwaka 2023, Mmarekani Eddie Muller, anayejulikana kwa kazi yake ya kuokoa filamu za zamani, alitoa kitabu kinachoipa kila filamu nyeusi kokteli yake. Tangu hapo, na hata kabla, baa za miji mikubwa ya Marekani na Ulaya zimekuwa zikiandaa jioni za namna hiyo: filamu ya miaka ya 1940 ukutani, na mezani gini, wiski au shampeni kulingana na hadithi.

Kwa mkaazi wa Ntoto, mpakani mwa Masisi na Walikale, jambo hilo linaweza kuonekana kuwa mchezo wa watu wenye umeme na barafu. Lakini kinywaji na filamu vinakutana hapa Kivu pia. Katika senta nyingi za wilaya hizo mbili, siku ya soko inamalizikia mbele ya skrini inayowashwa kwa jenereta au paneli ya sola. Pembeni kuna kasiksi, kanyanga, na kwa mwenye pesa, Primus. Hakuna aliyechagua kinywaji kifuatane na filamu. Ni barabara, vita na bei vilivyochagua.

Hapo ndipo somo la filamu nyeusi linapomhusu msomaji wa Kivu. Katika filamu hizo, glasi haiwekwi mezani kama pambo. Anayeijaza ana mpango, na anayeinywa atalipa baadaye.

Filamu za watu walioshindwa na pesa

Jina lenyewe, film noir, lilitolewa na mwandishi wa Ufaransa Nino Frank mwaka 1946, wakati filamu za Marekani zilizozuiliwa na vita zilipofika Paris kwa pamoja. Frank aliona kwamba mauaji ndani yake hayakuwa fumbo la kufumbua tu. Yalikuwa njia ya kuonyesha jamii iliyooza: polisi anayenunuliwa, mfanyabiashara anayeua, raia wa kawaida anayejiingiza katika dili moja dogo na kushindwa kutoka.

Katika «The Maltese Falcon» ya 1941, iliyoongozwa na John Huston, wafanyabiashara wanauana kwa ajili ya sanamu ya ndege inayosemekana kuwa ya dhahabu na mawe ya thamani. Mmoja wao anamkaribisha mpelelezi Sam Spade kwa maneno matamu na wiski, na ndani ya wiski kuna dawa ya kumlaza. Mwishoni wanaikwangua sanamu na kukuta ni risasi tupu, ile metali nzito isiyo na thamani. Mtu yeyote aliyewahi kusikia habari za dhahabu bandia zinazouzwa kwa wageni kati ya Goma, Kampala na Nairobi anaijua hadithi hiyo bila kuiona filamu.

Katika «Double Indemnity» ya 1944, ya Billy Wilder, wakala wa bima Walter Neff anaingia nyumbani kwa mteja na kupewa chai baridi, huku yeye akitamani bia. Baada ya siku chache anapanga kumuua mume wa mwanamke huyo ili walipwe pesa za bima. Kinywaji kile cha kwanza kilikuwa mlango tu.

Congo pia ina filamu yake nyeusi. «Viva Riva!» ya Djo Tunda Wa Munga, iliyotoka mwaka 2010, inamfuata kijana anayerudi Kinshasa na shehena ya mafuta ya gari yaliyoibwa Angola. Mji umekosa mafuta, na yeye anangoja bei ipande. Wakati akingoja, ananunua bia kwa marafiki, anacheza, anapenda mwanamke wa mkubwa mmoja wa mtaa. Kila chupa anayofungua inatangaza kwamba ana pesa, na kila tangazo linawasogeza karibu wanaomwinda. Mwaka 2011 filamu hiyo ilishinda tuzo sita za African Movie Academy Awards. Waliyoipenda waliona ndani yake kitu wanachokijua: uhaba wa bidhaa si bahati mbaya kwa kila mtu, kuna anayeufanyia biashara.

Wakati babu zetu hawakuruhusiwa

Kuna jambo lingine linalofanya mada hii isiwe ngeni kwa Kivu. Miaka ambayo Hollywood ilikuwa inatengeneza filamu hizo, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1940 hadi mwisho wa miaka ya 1950, Mkongomani hakuwa na haki ya kuziona wala ya kunywa kilichokuwa ndani ya glasi za wachezaji wake.

Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa Septemba 1919 ulizuia pombe kali za biashara kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Katika Congo ya Wabelgiji, pombe kali ilibaki ya wazungu kwa muda mrefu, na zuio hilo lilianza kulegezwa katikati ya miaka ya 1950 tu. Mwafrika aliachiwa bia. Bralima, kiwanda cha bia kilichoanzishwa Léopoldville mwaka 1923, kilikua juu ya soko hilo.

Kwa filamu ilikuwa hivyo hivyo. Tangu 1936 utawala uliweka tume ya kuchuja filamu kwa ajili ya Waafrika, na mwaka 1945 sheria ikakazwa. Filamu ya polisi fisadi au ya mwanamke anayemdanganya mumewe haikupita. Badala yake wamisionari walitengeneza filamu zao. Mapadri wa Scheut walikuwa na studio Kasai na Léopoldville, na hapa Kivu Mapadri Weupe walikuwa na Africa Films. Zilikuwa hadithi fupi za kuchekesha na kufundisha: usiibe, usilewe, sikiliza mkubwa wako.

Hofu ya watawala ilikuwa wazi. Mtu aliyekunywa na kutazama filamu inayosema kwamba wakubwa wanaiba, kesho angeweza kuuliza maswali. Marufuku hiyo haikuzuia watu kunywa. Ilisukuma pombe kali vichakani, ikawa lotoko upande wa Kinshasa na kanyanga upande wetu, na huko vichakani imebaki hadi leo.

Njia ya chupa

Ili kuelewa bei ya kinywaji Ntoto, inafaa kuifuata chupa ya Primus tangu inapotoka kiwandani, kama mpelelezi anavyomfuata mshukiwa.

Kwa miaka mingi, bia ya Kivu ilitoka hasa kiwanda cha Bralima cha Bukavu, mali ya kampuni ya Heineken ya Uholanzi. Ilivuka ziwa au kupanda barabara hadi Goma, ikapita Sake, kisha ikapandishwa milima ya Masisi. Mahali lori linapokwama, kazie zinahamia kwenye pikipiki, na pikipiki inapokwama, zinahamia mgongoni mwa mtu. Chupa ni nzito, inavunjika, na tupu lazima irudi. Hakuna bidhaa inayoonekana kirahisi zaidi kwenye bariera kuliko kazie ya bia.

Ndiyo maana bia imekuwa kipimo kizuri cha uchumi wa vita. Mwaka 2017, taasisi ya utafiti IPIS ya Ubelgiji ilichapisha ramani ya bariera za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na kuhesabu karibu 800. Nyingine zilikuwa za jeshi, nyingine za idara za serikali, nyingine za makundi yenye silaha. Watafiti walionyesha kwamba kwa makundi mengi, kutoza kila kinachopita barabarani ni chanzo cha pesa cha uhakika kuliko hata madini. Aliyekaa kwenye bariera hahitaji kuchimba chochote.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari, M23 iliingia Goma. Katikati ya Februari ilifika Bukavu, na katika vurugu za siku hizo ghala za Bralima ziliporwa. Tarehe 19 Machi wapiganaji wake waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kampuni ya Alphamin ilisimamisha uchimbaji wa bati Bisie katikati ya Machi na kuanza tena hatua kwa hatua mwezi uliofuata. Mabenki ya Goma yalifunga milango. Mwezi Juni, Heineken ilitangaza kwamba watu wenye silaha wamechukua vituo vyake vya Bukavu, Goma na kando yake, kwamba haiwezi tena kuvisimamia, na kwamba imewaondoa wafanyakazi waliokuwa wamebaki.

Mwezi huo huo, tarehe 27, Congo na Rwanda zilitia sahihi mkataba Washington, na tarehe 19 Julai serikali ya Kinshasa na AFC/M23 zikatia sahihi tangazo la kanuni huko Doha. Lakini sahihi za mbali haziondoi kamba iliyofungwa barabarani. Barabara inapokatwa na kiwanda kinapobadilisha mikono, bia ya kiwandani inakuwa adimu na ghali. Kiu haipungui. Kinachojaza nafasi hiyo ni kile kinachotengenezwa karibu.

Kasiksi ya shambani, kanyanga ya pipa

Hapa lazima kutenganisha vitu viwili ambavyo mara nyingi vinatajwa kwa pumzi moja.

Kasiksi ni bia ya ndizi. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, na maji yake yanachachushwa kwa unga wa mtama. Inalevya kwa kiasi, inaharibika baada ya siku chache, na kwa hiyo inanyweka karibu na ilikotengenezwa. Kwa familia nyingi za Masisi na Walikale ni pesa za shule na za dawa. Ni pia kinywaji cha mahari, cha matanga na cha kupatana. Watu waliogombana hawapatani kwa maneno matupu.

Lakini kasiksi nayo imepigwa. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa Masisi mwaka 2001, na ukaenea Kivu nzima. Migomba ya pombe ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu wadudu wanabeba bakteria kutoka ua hadi ua. Dawa yake haihitaji pesa: kukata ua la kiume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kung'oa mgomba mgonjwa, na kuosha panga kabla ya kugusa mgomba mwingine. Inahitaji tu mwenye shamba awe shambani. Mkimbizi aliye kambini hawezi kulinda migomba yake.

Kanyanga ni kitu kingine. Ni pombe iliyochemshwa na mvuke wake kupozwa, mara nyingi katika mapipa na mabomba ambayo hayakutengenezwa kwa chakula. Haiharibiki, haina uzito wa kazie, na inaingia katika bidoni ya lita 20. Kwa mtu anayetaka kupita njia ya pori, ni bidhaa kamili. Kwa mnywaji, hatari yake iko mahali pawili. Kwanza, chuma kibovu au vipande vya rejeta ya gari vinaweza kuacha risasi ndani ya pombe. Pili, kuna methanoli. Kiasi kidogo kinatoka katika ndizi na matunda yenyewe, lakini maafa makubwa yanatokea pale mfanyabiashara anapoongeza methanoli ya viwandani ili kuifanya pombe iwe kali na nyingi.

Majirani wanaijua habari hiyo. Kabale, Uganda, mwezi Aprili 2010, makumi ya watu walikufa baada ya kunywa waragi yenye methanoli. Kenya ilizika watu wengi kwa sababu hiyo hiyo mwezi Mei 2014. Mwilini, methanoli inageuka asidi inayoshambulia neva ya macho. Dalili zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24: mtu anaamka akiona ukungu, anatapika, anapumua kwa haraka, watu wanadhani ni uchovu wa pombe ya jana. Kwa hiyo anapelekwa hospitali akiwa amechelewa. Anayeona ukungu baada ya kunywa hapaswi kuachwa alale. Ni lazima afikishwe kwa daktari mara moja, na aliyempeleka aseme wazi alikunywa nini.

Filamu inayoifaa Ntoto

Ikiwa filamu moja ya zamani ingechaguliwa kuonyeshwa katika chumba cha sinema cha Ntoto, isingekuwa ya Hollywood. Ingekuwa «The Third Man» ya 1949, iliyotengenezwa na Mwingereza Carol Reed kwa hadithi ya Graham Greene, mwandishi yule yule ambaye miaka kumi baadaye alikuja Congo kukaa katika kijiji cha wagonjwa wa ukoma karibu na Coquilhatville, leo Mbandaka.

Hadithi iko Vienna, baada ya vita. Mji umegawanywa kati ya Wamarekani, Warusi, Waingereza na Wafaransa. Kila sehemu ina askari wake na karatasi zake. Mtu anayeitwa Harry Lime anaona nafasi: anachukua penisilini iliyoibwa katika hospitali za jeshi, anaichanganya na kuiuza. Watoto wanaotibiwa kwa dawa hiyo wanakufa au wanaharibika akili. Akiwa juu ya gurudumu kubwa la kuchezea, Lime anamwonyesha rafiki yake watu walio chini na kumwambia kwamba kutoka huko ni nukta tu, na kila nukta ina bei.

Anayeuza kanyanga iliyochanganywa anaishi katika hesabu hiyo hiyo. Anafaidika kwa sababu eneo limegawanywa, kwa sababu hakuna ofisi moja inayopima bidhaa, na kwa sababu mwenye bariera anaangalia idadi ya bidoni, si kilicho ndani. Vita havikumtengeneza mtu huyo, lakini vimemfungulia njia.

Kinachofaa kukumbukwa pia ni kwamba Ntoto ina historia yake na jioni za soko. Ni katika soko la Ntoto, tarehe 20 Machi 1993, mauaji yalipotokea na kuwasha moto ulioenea Walikale, Masisi na kwingineko, ukagawanya watu waliokuwa wakinunua na kuuziana. Kwa hiyo mahali ambapo watu wa jamii mbalimbali wanakaa tena pamoja, wanakunywa na kucheka mbele ya skrini moja, si mahali pa kudharau. Ni pa kulinda. Na panaharibika haraka ikiwa kinachonywewa kinawatoa watu akili, huku kijana mwenye silaha akiwa ameketi mstari wa mbele.

Kupiga marufuku hakutoshi

Jibu la kwanza la viongozi, wa upande wowote, huwa ni marufuku: kumwaga bidoni, kufunga vyumba vya video, kuwakamata akina mama wanaouza. Majirani wamejaribu njia mbalimbali. Tanzania ilizuia pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Hatua hizo zililenga kifungashio cha bei ndogo kinachoingia mfukoni mwa mwanafunzi, na zilikuwa na dola ya kuzisimamia. Kenya ilichukua njia nyingine: sheria ya 2010 ilihalalisha chang'aa kwa masharti ya leseni, chupa na maandishi. Maafa ya 2014 yalionyesha kwamba sheria nzuri bila ukaguzi haiokoi mtu.

Kwa Ntoto, ambako mamlaka yenyewe yanagombaniwa, marufuku inageuka kodi mpya. Askari anayetumwa kumwaga kanyanga anajifunza haraka kwamba inalipa zaidi kuiacha ipite. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wabelgiji, na ndivyo inavyoelekea kuwa kwa yeyote mwingine.

Yapo mambo madogo yanayowezekana bila kungoja Doha wala Washington. La kwanza ni kwa wenye vyumba vya sinema: kutouza kanyanga ndani, kuwatenga watoto na filamu za usiku, na kuagiza silaha zibaki nje. Machifu, wachungaji na mashirika ya raia wanaweza kulisimamia hilo kwa aibu ya kijamii, ambayo kijijini ina nguvu kuliko faini. La pili ni kwa vituo vya afya na redio za kijamii: kutangaza dalili za methanoli kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda, ili mtu anayepoteza macho asifichwe kwa aibu. La tatu ni kwa wakulima na mashirika yanayowasaidia: kurudisha usafi wa migomba, kwa sababu mama mwenye kasiksi nzuri hana haja ya kununua pipa la kuchemshia.

La nne linawahusu wanaozungumza kwa niaba ya wengine kwenye meza za amani. Kila mpango unaotaja usalama wa barabara ungepaswa kupimwa kwa swali rahisi: baada ya sahihi, kazie ya bia, gunia la chumvi na katoni ya dawa vinapita bariera ngapi kutoka Sake hadi Ntoto? Idadi hiyo ikishuka, amani imeanza. Isiposhuka, kilichobadilika ni jina la anayepokea pesa.

Mashabiki wa filamu nyeusi huko ng'ambo watatafuta gini nzuri na limau. Kwa Ntoto, anayetaka kuona «The Third Man» hadi mwisho na kuamka kesho akiona vizuri, tangawizi ya moto inatosha, au kasiksi ya mama anayejulikana, iliyonywewa siku yake. Na kabla ya kunywa chochote kilichotoka katika bidoni isiyo na mwenyewe, aulize swali ambalo Sam Spade alisahau kuuliza: nani amemimina, na anapata nini?